Hii ya "bei njoo inboksi" inatufukuzia wateja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Mimi ni fundi seremala hapa Dodoma na pia ni katibu wa kikundi chetu cha mafundi, kwa hiyo kila ikija semina ya wajasiriamali natumwa mimi, na kila semina wimbo ni ule ule, jamani ingieni mtandaoni, jamani msibaki nyuma, dunia iko kiganjani, halafu mtoa mada anapewa maji yake na posho yake anaondoka. Haya, tumeingia. Nani hayuko mtandaoni siku hizi, hata mama wa mihogo ya kukaanga ana status na anaposti kila jioni. Shida siyo kuingia tena. Shida ni kwamba tukishaingia kila mtu anabandika mapicha yake anakaa anasubiri, hakuna anayeunganishwa na mtu, na hilo hakuna semina niliyowahi kusikia inalizungumza.

Nianze na hili linaloniudhi kuliko yote. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016, wateja wetu wakubwa ni watumishi waliohamishiwa. Mtu anakuja na begi, anapanga Ilazo au Kisasa, familia bado iko Dar, usiku kalala kwenye godoro chini anaperuzi Insta atafute kitanda. Anaona vitanda kumi vizuri vyote, na chini ya tisa kati ya hivyo kumeandikwa "bei njoo inboksi". Anaenda inboksi ya kwanza anaandika habari, bei gani hicho? Kimya. Anaenda ya pili, anajibiwa kesho yake saa sita mchana "unataka cha ngapi kwa ngapi boss". Sasa yule fundi wa kumi, ambaye pengine hata kazi yake siyo nzuri kuliko zile tisa, kaandika hivi: tano kwa sita, mninga mkavu, laki sita na nusu, bila godoro, siku kumi baada ya advansi, ndani ya mji nakuletea mwenyewe. Nani kapata kazi hapo? Na wale tisa kesho watakaa kijiweni wanasema mtandao hauna kitu, ni kuchoma bando tu.

Nimewauliza wenzangu mbona hamuweki bei. Majibu ni matatu. Moja, washindani wataiona. Jamani, mshindani wako ananunua mbao pale pale unaponunua wewe, gundi ni ile ile na msasa ni ule ule, bei yako anaijua kuliko mkeo. Mbili, mbao zinapanda. Sawa, andika bei ya mwezi huu, mwezi ujao ukibadilisha nani atakushtaki? Tatu, hili ndilo la kweli ila wengi hawalisemi, mtu anataka kwanza amsikie mteja anaongeaje, anaendesha gari gani, anakaa wapi, ndio ampangie bei kwa sura yake. Huo ulikuwa ujanja wa zamani, mteja akishafika karakana ni wako. Mtandaoni mteja yuko kwenye karakana kumi kwa mpigo na kutoka kwake ni kidole tu.

Mteja anauliza vitu vile vile siku zote. Bei, ukubwa, mbao gani, siku ngapi, uko wapi. Kama ni vile vile kwa nini kila siku unaanza kuandika upya, tena huku mikono ina vanishi? WhatsApp ya biashara ipo tangu 2018 na ni bure, humo ndani unaweka majibu ya haraka, mtu akiuliza bei unagusa tu linaenda jibu lililokamilika, na kama umelala inamjibu yenyewe kwamba fundi yuko kazini kuanzia saa mbili asubuhi. Ina katalogi pia, unapanga bidhaa zako na picha na bei kama duka, mteja anafungua anajichagulia. Nimeona mafundi wengi wameipakua hiyo app lakini wanaitumia kama ile ya kawaida, katalogi tupu, kwenye maelezo wameandika "Mungu ni mwema". Ni mwema kweli, lakini fundi unapatikana wapi?

Halafu kuna kitu kidogo ambacho watu hawakijui. Ile orodha ya kutumia watu wengi ujumbe kwa pamoja bila kuwaweka kwenye grupu, wanaita brodikasti, inachukua watu 256, na ujumbe haumfikii mtu ambaye hajaseivu namba yako kwenye simu yake. Wengi wanatuma wee wanaona tiki moja au hawajibiwi wanadhani watu wamewadharau, kumbe haujafika. Ndio maana mimi nikipeleka kitanda, wakati niko chini nakaza boti za mwisho mteja amesimama pale ananiangalia, namwambia mama naomba useivu namba yangu sasa hivi, andika Fundi Vitanda, usiandike jina langu utanisahau. Anacheka anaseivu. Mwaka ukipita akitaka kabati la jikoni ataandika "fundi" kwenye simu yake nitatokea.

Na ramani. Dodoma inakua kwa kasi, mitaa mipya kila kona, ukimwelekeza mtu "pita pale kwa mzee wa kuku kata kushoto" yeye kahamia juzi, huyo mzee wa kuku hamjui. Google wanakuruhusu kuweka karakana yako kwenye ramani bila malipo, jina, namba ya simu, saa za kazi, picha. Siku hizi kuthibitisha wanataka video mara nyingi, unatembea na simu unawaonyesha barabara, kibao chako, mashine, ili wajue kweli upo. Inasumbua kidogo, bando linaenda, lakini mtu akiandika "fundi makabati Dodoma" anakuona na njia ya kuja anaonyeshwa. Tena ule mpango wa anwani za makazi wa 2022 umetuachia namba za nyumba na majina ya mitaa, zile namba zimekaa tu ukutani zinaliwa na jua, ziandikeni kwenye kurasa zenu.

Malipo nayo yanaunganisha watu au yanawatenganisha. Mteja wa mbali hawezi kukutumia laki tatu za advansi kwenye namba binafsi yenye jina asilolijua, na ana haki, wezi wamejaa. Ukiwa na lipa namba yenye jina la biashara, anapoandika kiasi, kabla hajaweka namba ya siri linamtokea jina, anaona ni lile lile lililoko kwenye ukurasa na kwenye kibao, moyo unatulia. Kuna ndugu zetu wako Muscat, wako Marekani, wanajenga nyumba huku wanataka milango. Huyo hakuoni, anaona simu tu. Yeye usimpelekee picha ya mlango uliopakwa vanishi unang'aa, hiyo hata mimi naweza kuichukua kwa mtu mwingine. Mpe video ya mbao kabla hazijaguswa, mgeuzie upande wa nyuma aone fundo na nyufa, muonyeshe maungio kabla hujaweka gundi. Vanishi inaficha mengi na wateja wa nje wameshaumizwa sana na mbao mbichi, mlango unawekwa mwezi wa nne ukifika wa tisa umepinda haufungi.

Kuna watu wanasema dawa ni masoko makubwa ya mtandaoni kama ya wazungu, unaweka mzigo wako wao wanauza wanapeleka. Labda. Lakini Jumia walikuwepo hapa Tanzania, wakafunga Novemba 2019, na biashara ya kuagiza kwa simu haikufa, iliendelea kwa WhatsApp, bodaboda na mabasi ya mkoani. Mzigo unafungwa, namba ya simu inaandikwa juu kwa maka peni kubwa, picha ya risiti ya basi inatumwa kwa mteja pamoja na namba ya basi, jioni anaupokea Dar, stendi ya Magufuli pale Mbezi. Ndio mfumo wetu na unafanya kazi, wakubwa wautazame huo badala ya kutuletea mwingine.

Sasa nije kwenye kiini cha barua yangu, maana hayo ya juu yanahusu fundi na mteja, na watu wakisikia mtandao wa biashara wanawaza wateja tu. Sisi kilichotuinua zaidi ni kuunganishwa sisi kwa sisi na wale tunaonunua kwao.

Mbao laini tunazotumia hapa, paini na sipresi, nyingi zinatoka Mafinga kule Mufindi. Zamani kila fundi alikuwa ananunua kwa dalali wa mjini vipande vitatu, vinne, kulingana na kazi aliyopata, na dalali anakupangia. Kwenda Mafinga peke yako haiwezekani, fuso nzima utaijaza na nini. Tukafungua grupu la WhatsApp, jina lake Mzigo wa Mafinga, na humo hakuna kingine chochote. Jumatatu katibu, ambaye ni mimi, naweka orodha tupu, kila fundi anaikopi anaongeza mstari wake chini na kuirudisha, jina, mbili kwa nne vipande vingapi, mbili kwa sita vingapi, moja kwa nane vingapi, futi kumi na mbili. Jumatano jioni orodha inafungwa. Ambaye hela yake haijaingia kwenye namba ya kikundi mpaka saa mbili usiku tunamfuta, hata awe mwenyekiti, na mwenyekiti alishafutwa mara moja akanuna wiki nzima lakini mzigo uliofuata alikuwa wa kwanza kulipa. Muuzaji kule anapakia huku kijana wake anachukua video, mbao zinahesabiwa kwa sauti, na kabla gari haijaondoka inatumwa picha ya hati ya kusafirishia mazao ya misitu, wenyewe tunaita TP, tunaangalia kama idadi iliyoandikwa inafanana na ya kwenye video na kama namba ya gari ni yenyewe. Hiyo TP ikiwa na kasoro gari inalala kizuizini na hasara ni yetu wote, kwa hiyo macho ya watu wengi yanasaidia, kuna siku fundi mmoja kijana kabisa ndiye aliyeona tarakimu ya namba ya gari imekosewa wakati sisi wazee tumeshajibu "sawa".

Bei imepungua, hiyo ni kweli na inaonekana mfukoni. Lakini kuna faida ambayo hatukuitegemea. Yule muuzaji wa Mafinga sasa anatuandikia yeye kwanza, jamani wiki hii nina sipresi nzuri imekauka, kuna mwenye kazi ya madirisha? Na sisi tunamwambia mwezi ujao shule zinafungua tutahitaji mbao za madawati, anajipanga. Yaani tunapanga kazi na mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumuona kwa macho. Baadaye tukamuunganisha na kikundi cha mafundi wenzetu wa Singida, nao wanajaza fuso yao. Hakuna mradi uliokuja kutufundisha hiyo, hakuna bango la wafadhili pale karakana.

Grupu lenyewe lina sheria kali na ndio maana liko hai. WhatsApp inaruhusu watu mpaka 1,024 kwenye grupu moja, sisi hatutaki hata theluthi yake. Hakuna habari za asubuhi na picha za maua, hakuna siasa, hakuna ile "tuma kwa watu kumi upate baraka", hakuna mikeka ya mpira. Anayetaka mikeka kuna grupu lingine linaitwa Kijiweni, huko watu wanatukanana Simba na Yanga mpaka usiku na hakuna anayekatazwa. Magrupu mengi ya vikundi na ya SACCOS yanakufa kwa sababu tangazo la maana limefukiwa chini ya salamu mia mbili, mtu anachoka anaweka kimya, na siku ya mkutano anasema sikuambiwa.

Upande wa hela za kikundi pia simu imetuondolea maneno. Kila Jumapili mweka hazina anapiga picha ukurasa wa daftari la makusanyo, na mwandiko wake mbaya hivyo hivyo, anaweka kwenye grupu la wanachama. Ambaye hakuona jina lake anasema hapo hapo. Tangu tuanze, ile minong'ono ya "mweka hazina kanunua bati kwa hela zetu" imekwisha. Vikoba vya akinamama mtaani kwetu wameiga hiyo na wamewazidi hata viongozi wetu, wao wanapiga picha na sanduku likiwa wazi.

Ila kuna jambo la kutazama kwa makini, hasa kwa vikundi, makanisa, misikiti, shule, timu za mpira. Ukurasa ni wa nani? Jirani zetu kuna kikundi cha akinamama wanakamua mafuta ya alizeti, mazuri, na ukurasa wao wa Facebook ulikuwa na wafuasi wengi tu. Aliufungua kijana wa mmoja wao, kwa namba yake na barua pepe yake. Kijana akapata kazi mkoa mwingine, simu ikaibiwa, laini hakuirudisha, neno la siri hakuna anayelijua. Ukurasa bado uko hewani mpaka leo, watu wanauliza mafuta lita ishirini bei gani, hakuna wa kuwajibu. Akinamama wanaangalia maswali ya wateja wao wenyewe kwenye simu za watoto wao na hawawezi kujibu kama kikundi. Inauma. Laini inayofungulia kurasa iwe ya kikundi, isiwe ya mtoto wa fulani, waadmini wasipungue wawili au watatu, na zamu ya kujibu ijulikane ni ya nani wiki hii. Siyo kazi ya kompyuta hiyo, ni ya kuandika kwenye muhtasari wa kikao.

Na wezi. Ile "hela tuma kwenye namba hii" kila Mtanzania anaijua, lakini kwa biashara wizi umebadilika. Mtu anakuandikia kwa namba ya mwanachama mwenzako anaomba umtumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, ukituma tu WhatsApp yako imeondoka, na dakika chache baadaye wateja wako wote wanaombwa advansi. Washeni ile PIN ya pili ya WhatsApp, inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha gundi. Namba za matapeli zipelekeni 15040 ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, na mara moja moja piga *106# uone kitambulisho chako cha NIDA kimesajili laini zipi, unaweza kukuta laini usiyoijua.

Tena msiweke kila kitu mahali pamoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima kwa pamoja dunia nzima kwa muda wa kama saa sita hivi. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikawa ya kubahatisha. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku za uchaguzi, tulikaa siku kadhaa bila intaneti nchi nzima. Siku zile nani alifanya biashara? Aliyekuwa na namba za wateja kwenye daftari, akapiga simu ya kawaida, akatuma meseji ya kawaida. Sisi kikundini tuna daftari la wateja kwa mwandiko, na tumekubaliana kuchanga tununue jina letu wenyewe la .or.tz, ukurasa mmoja tu wenye orodha ya mafundi, kila mtu anafanya nini, na namba. Huo hakuna wa kuufunga kwa sababu ameamka vibaya huko California, japo intaneti ikizima nao utazima, hilo najua.

Halafu Mhariri kuna ombi langu kwa halmashauri, na hapa naomba usinikate. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na ili kikundi kipate lazima kisajiliwe, kieleze kinafanya nini, kiko kata gani, viongozi ni nani. Maana yake ni kwamba kila ofisi ya maendeleo ya jamii nchi hii inayo tayari orodha ya wanaotengeneza sabuni, batiki, viatu, unga wa lishe, asali, samani. Orodha nzuri kuliko ambayo kampuni yoyote ingeweza kuitengeneza. Na iko wapi? Kabatini, au kwenye kompyuta ya afisa. Mtu wa Mbeya anayetafuta vikundi vya asali vya Manyoni au vya ngozi hapa Dodoma hana pa kuangalia, anaishia kwa dalali. Tovuti za halmashauri zipo zote, nimezipitia baadhi, zimejaa picha za ziara na za kukata utepe. Wekeni humo ukurasa mmoja, jina la kikundi, bidhaa, kata, namba ya simu ya kikundi, basi. Msiweke namba za NIDA wala majina ya wadaiwa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, kikundi kiulizwe kwanza kama kinakubali kuwekwa. Nani atakataa?

Hilo linagusa zabuni pia. Manunuzi ya serikali tangu 2023 yamehamia mfumo wa mtandaoni wa NeST, ule wa zamani wa TANePS ukawekwa kando, na sheria imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Madawati na meza za walimu zinapita humo. Vikundi vingi vya mafundi havimo, siyo kwa kukataa, hawajui wanaanzia wapi, na wakijua kuna "mtaalamu" wa steshenari anawatoza kwa kila kubonyeza kisha anabaki na neno lao la siri. Afisa mmoja akikaa na vikundi kumi asubuhi moja kwenye ukumbi wa kata, kila kikundi na simu yake, mbona inawezekana. Hiyo ndiyo semina ningeenda bila kudai posho.

La mwisho ni la biashara kabisa na nimelitafutia sababu ya kuliweka hapa. Zabibu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari mpaka Machi hivi, halafu Agosti mpaka Septemba. Wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora zinawaivia kwa pamoja, viwanda vinajaa, mnunuzi anapanga bei anavyotaka huku zabibu inaoza. Lakini mkulima tangu siku anapogoa, yaani anapokata matawi ya mizabibu, anajua atavuna lini, ni miezi kadhaa kabla. Kwa nini asiiposti hiyo tarehe siku ile ile anayopogoa, na kilo anazotegemea, wenye juisi wa Dar na Arusha wakapanga foleni mapema? Na zabibu inasafiri vibaya kwenye ndoo na viroba, ya chini inapondeka yote. Sisi karakana yetu ina mabaki ya paini ya kila wiki, tunayachoma au tunawapa akinamama wa kuni, na hayo yanatosha kutengeneza matenga yasiyo na kina kirefu, ya kubebeka na mtu mmoja, yenye nafasi za kupitisha hewa. Hatujui mnataka urefu gani wala tenga moja libebe kilo ngapi. Kikundi chochote cha zabibu kinachosoma hapa kituandikie vipimo, na bei tutaiweka pale pale kwenye grupu kila mtu aione. Namba ya kikundi nimemwachia Mhariri.

Katibu, kikundi cha mafundi seremala,
Chang'ombe, Dodoma